Aqal na Boma

Barabara inayotoka Mandera kwenda kusini imeandamana na mpaka wa Somalia kwa karibu sana. Inapita Arabia, inapita Fino, inafika Lafey, kisha inashika njia ya El Wak. Safari nzima macho hukutana na majengo ya namna mbili. Kuna lile la matofali ya saruji na paa la mabati, lenye ua wa seng'enge na magunia ya mchanga langoni: kituo cha polisi, ofisi ya naibu kamishna, zahanati, shule. Na kuna kuba dogo la fito na mikeka, ambalo mtu mzima huinama kuingia, limekaa nyuma ya ua wa miiba. Hiyo ndiyo aqal, nyumba ya mfugaji Msomali, ambayo wengi huku huiita pia herio.

Historia ya majengo ya Kenya kwa kawaida humpeleka msomaji Mombasa kwenye Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ikampitisha Gedi na Lamu, kisha ikampandisha reli hadi Nairobi. Kaskazini Mashariki ikibahatika kutajwa, zitatajwa kuta nyeupe za Wajir. Aqal huachiwa sura ya mila na desturi, pamoja na ngoma na mavazi. Mpangilio huo naupinga. Aqal ni jengo. Ina wajenzi wenye ujuzi, ina sheria za umiliki, na imepitia vita na amri za serikali kama jengo lolote la mawe. Ukiiweka kando ya boma la serikali, ukayasoma yote mawili kwa pamoja, unaipata historia ya nchi hii kwa uwazi ambao nyaraka peke yake hazitoi.

Tuanze na lililo kongwe. Kazi ya aqal huanzia chini ya ardhi. Wanawake hufukua mizizi mirefu ya mgunga, hasa ule uitwao galool, kwa sababu mzizi mbichi hukubali kupindwa bila kuvunjika. Mzizi hukunjwa ukawa upinde, hufungwa kamba ncha kwa ncha usirudi ulivyokuwa, ukaachwa ukauke na umbo lake jipya. Ganda la mti huohuo huvuliwa na kupondwa hadi zibaki nyuzi, na nyuzi hizo ndizo kamba za kufungia fito. Kwa hiyo katika aqal iliyotengenezwa vizuri hakuna msumari hata mmoja. Kila kiungo ni fundo, na fundo linaweza kufunguliwa.

Mikeka ni somo peke yake. Ule wa juu wa paa, unaofumwa kwa nyasi, una pande mbili zisizofanana. Upande unaotazama ndani umelainishwa. Upande wa nje umeachiwa ncha za nyasi zikining'inia kuelekea chini, na mvua ikinyesha, maji hufuata ncha hizo hadi ardhini kabla hayajapata nafasi ya kupenya. Jua likiwa kali hewa hupita kati ya mafumo. Mtu aliyewahi kukaa saa nane mchana chini ya mabati, katika joto la Mandera, kisha akaingia chini ya mikeka, hahitaji kuelezwa zaidi.

Nyumba hii ni ya mwanamke. Binti akikaribia kuolewa, mama yake, dada na shangazi hufuma mikeka kwa miezi mingi, na aqal husimamishwa kwa ajili ya arusi. Yeye ndiye anayeisimamisha, ndiye anayeivunja, ndiye anayejua fito ipi huingia wapi. Mume hulala ndani ya nyumba ya mkewe. Labelle Prussin, msanifu majengo na mwanahistoria wa Kimarekani aliyezunguka kaskazini mwa Kenya akichunguza nyumba za wafugaji, alichapisha mwaka 1995 kitabu kizito juu ya usanifu wa wahamaji wa Afrika, na hoja yake kubwa ilikuwa hiyohiyo: kwamba usanifu huu umefichika machoni pa wasomi kwa sababu wajenzi wake ni wanawake na kwa sababu hauachi magofu. Alionyesha pia kwamba kwa wafugaji hawa nyumba na mzigo wa ngamia ni kitu kimoja katika hali mbili.

Hilo la mwisho linafaa kutazamwa kwa karibu. Alfajiri ya siku ya kuhama, mikeka hushushwa kwanza, kisha fito. Ngamia dume aliyehasiwa, aliyefunzwa kubeba, hupigishwa magoti. Mikeka iliyokunjwa hutandikwa mgongoni imkinge asichubuke. Fito zilizopinda hufungwa ubavuni, huku na huku, zikapanda juu ya mgongo na kuacha uwazi katikati, na katika uwazi huo hupangwa vibuyu na vyombo vya maziwa, hupandishwa watoto wadogo, mgonjwa, mwanambuzi aliyezaliwa usiku. Yaani kilichokuwa paa ni tandiko, na kilichokuwa ukuta ni kitanda cha safari. Hakuna kinachobebwa bure. Wakifika malishoni, kabla jua halijazama nyumba imesimama tena, na mlango umegeuziwa upande ambao upepo hautausumbua.

Sababu ya yote hayo ni mvua. Masika ya huku, gu, huanza karibu na Aprili, na vuli, deyr, Oktoba. Kati ya deyr na gu kuna jilaal, kiangazi kinachokausha kila kitu. Na hata mvua zikija haziji kwa usawa. Wingu huweza kumwaga maji Warankara na kuiacha Fino kavu kabisa. Nyumba isiyoweza kulifuata wingu inamfunga mfugaji mahali ambapo mifugo yake itakufa. Jengo la mawe tunalisifu kwa miaka ambayo limesimama. Aqal inastahili kusifiwa kwa mara ambazo imesimamishwa upya, ikibadilishwa mkeka leo, fito kesho, kwa hiyo haina umri mmoja unaoweza kuandikwa juu ya mlango.

Boma lilikuja baadaye sana. Waingereza, baada ya kukubaliana mpaka na Ethiopia mwaka 1907, walianza kupanda vituo katika eneo waliloliita Northern Frontier District, NFD. Wajir walifika mwaka 1912. Walichokifuata ni maji. Mji ule umekaa juu ya mwamba wa chokaa, na ndani ya mwamba huo vilikuwapo visima vilivyochimbwa zamani, maji yakiwa karibu na uso wa ardhi. Serikali inayokaa kando ya visima haina haja ya kumkimbiza mfugaji porini. Jilaal ikikaza, mfugaji atakuja mwenyewe. Hiyo ndiyo siri ya mahali palipojengwa maboma mengi ya kaskazini, na El Wak nayo, njia panda ya visima vya kale, haikuchaguliwa kwa uzuri wake.

Mwanzoni boma lenyewe lilikuwa dhaifu. Februari 1916 wapiganaji wa ukoo wa Kisomali wa Aulihan, wakiongozwa na Abdurrahman Mursaal, walivamia kituo cha Serenli kwenye mto Juba, wakamuua ofisa wake, Luteni Francis Elliott, pamoja na askari wengi. Waingereza wakaiacha Serenli, na Wajir nayo ikahamwa kwa muda. Waliporudi walirudi na fikra nyingine. Kuta zilizojengwa Wajir katika miaka ya ukoloni ni za mawe ya hapohapo, zimepakwa chokaa zikawa nyeupe, nyingine zina meno juu kama ngome za hadithi za jangwani. Zilijengwa zionekane kutoka mbali na zimwambie anayekuja na ngamia zake kwamba wenye kuta hizi hawaondoki tena.

Maofisa walioishi humo, vijana wengi wao, wakipelekwa peke yao bila familia, walianzisha klabu wakaiita Royal Wajir Yacht Club, yaani klabu ya mashua mahali ambapo bahari iko mamia ya kilomita. Jambo hili husimuliwa kama kichekesho kila Wajir inapotajwa. Mimi naona humo upweke wa watu waliojifungia ndani ya kuta zao wakiwa hawajui nchi iliyo nje inakwenda wapi.

Kwa sababu kusema kweli boma halikuweza kutawala likiwa limekaa. Mkuu wa wilaya, DC, alipotaka kuwaona watu wake ilibidi atoke. Alikodi ngamia, akafunga hema, akasafiri majuma kadhaa pamoja na Dubas, askari wa utawala waliojulikana kwa vilemba vyao vyekundu, akisikiliza kesi chini ya mti na kulala katika nyumba ya turubai iliyovunjwa kila asubuhi. Ngamia walikuwa wa Wasomali, wachungaji wake walikuwa Wasomali, na njia zilikuwa zilezile za visima. Serikali ya kikoloni ilipotaka kufanya kazi yake ilihama kama wenyeji. Ilipotaka kuonyesha nguvu ndipo iliporudia mawe.

Kati ya vita viwili vya dunia nguvu ya boma iliandikwa katika sheria. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia Jubaland, na mpaka mpya ukapita katikati ya malisho. Tume ya mataifa hayo mawili ilipomaliza kazi yake mwaka 1927, nchi ambayo watu wa Lafey walikuwa wakiivuka kufuata mvua ilikuwa imegawanywa kwa alama. Mwaka 1926 NFD ilitangazwa eneo lililofungwa: hakuingia mtu wala kutoka bila kibali. Mwaka 1934 ikaja sheria ya wilaya maalumu, iliyowapa maofisa wa utawala mamlaka ya kuamua kabila lipi lilishe wapi, na kuliadhibu kabila zima kwa kosa la watu wachache. Ukiyasoma maagizo hayo kwa macho ya fundi wa majengo utagundua kwamba ni kuta. Hayakuhitaji chokaa wala jiwe, lakini lengo lake lilikuwa ni kuizuia aqal isisimamishwe upande wa pili wa mstari.

Vita vya pili vikapita hapa kwa haraka. Desemba 1940 majeshi ya Afrika Kusini na ya Gold Coast yaliishambulia El Wak iliyokuwa mikononi mwa Waitaliano na kuitwaa ndani ya siku moja. Baada ya miezi michache Waitaliano walikuwa wameondolewa Somalia nzima, na kwa muda Uingereza ikawa inatawala pande zote mbili za mpaka iliouchora yenyewe. Mpaka ukarudi kuwa alama tu porini.

Sehemu inayouma zaidi katika historia hii ni ya Kenya huru. Tume iliyotumwa na Uingereza mwaka 1962 kusikiliza maoni ya watu wa NFD iliwakuta wengi wao wakitaka kuungana na Somalia. Hawakukubaliwa. Tarehe 28 Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya uhuru, hali ya hatari ikatangazwa, na vita vilivyoitwa vya shifta, yaani majambazi, vikaendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Katika vita hivyo serikali ilitumia silaha ambayo Waingereza walikuwa wameitumia dhidi ya Wakikuyu katika miaka ya 1950, walipowafungia zaidi ya watu milioni moja katika vijiji vya lazima. Kuanzia mwaka 1966 wafugaji wa kaskazini waliamriwa kuhamia vijiji vilivyowekwa karibu na vituo vya polisi na utawala. Nje ya hapo mtu aliyeonekana na mifugo yake alihesabiwa adui.

Hapo ndipo aqal na boma zilipokutana uso kwa uso. Wanawake walisimamisha nyumba zao ndani ya ua wa serikali, mlango kwa mlango, chini ya macho ya mlinzi. Kwa mtu wa mbali huenda ilionekana ni kijiji kama vingine. Lakini aqal haina choo, haina mtaro, haina jaa. Usafi wake ni kuhama. Mahali pakichafuka, familia huondoka, jua na wadudu wakapasafisha, ikarudi msimu mwingine. Ukiizuia aqal isihame, ardhi chini yake inaharibika, mikeka inaoza, nyasi za kufumia zinakwisha kwa sababu mifugo mingi imebanwa eneo moja, na migunga ya karibu inakatwa hadi ya mwisho kwa kuni. Mifugo ilikufa, mingine ikachukuliwa. Ngamia wa mizigo alipokwisha, aqal ilipoteza nusu yake, maana nilikwisha kusema kwamba nyumba na mzigo ni kitu kimoja. Familia nyingi zilizotoka katika vijiji hivyo hazikurudi malishoni. Zilibaki kandokando ya miji, katika mitaa iitwayo bulla, na fito zilizopindwa kwa ajili ya safari zikawa zimesimama mahali pamoja mwaka baada ya mwaka.

Nyumba ya aina hiyo, isiyohama na isiyo ya mawe, haina kinga yoyote. Novemba 1980 baada ya maofisa wa serikali kuuawa Garissa, askari waliuchoma moto mtaa wa Bulla Kartasi na wakazi wakakusanywa katika kiwanja cha shule bila chakula wala maji. Februari 1984, katika operesheni ya Wajir dhidi ya ukoo wa Wadegodia, nyumba zilichomwa na wanaume wakapelekwa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, ambako mamia waliuawa. Wagalla haina ukuta wa meno wala mnara. Ni ardhi iliyosawazishwa na kuzungushiwa ua wa waya. Naitaja katika historia ya majengo kwa makusudi, kwa kuwa ni jengo la serikali kamili: lilipimwa, likasafishwa, likazungushiwa ua, likatumiwa. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa Mei 2013, imeyaandika matukio hayo yote mawili. Nyumba zilizochomwa hazikuacha hata msingi wa kumwonyesha mtoto. Asiyeziona leo anaweza kudhani hazikuwapo, na ndiyo maana nasema kuipima historia kwa magofu ni dhuluma kwa watu wa aqal.

Sheria za hali ya hatari ziliondolewa mwaka 1991. Mwaka huohuo Somalia ilisambaratika, na aqal ikaonekana tena kila mahali, safari hii kwa maelfu. Kambi ya Ifo ilifunguliwa Dadaab mwaka 1991, Dagahaley na Hagadera mwaka uliofuata. Kwa pamoja zilipangiwa watu 90,000. Katika ukame na njaa ya mwaka 2011 Dadaab ilifikia watu zaidi ya 460,000. Shirika la wakimbizi liligawa mahema na maturubai, nayo mahema yakachanika kwa jua. Wanawake wakafanya walichokijua: wakakata fito, wakazipinda, wakafunga kuba, na badala ya mikeka wakatandaza turubai la msaada, magunia, vitenge vilivyochakaa. Anooradha Siddiqi, mwanahistoria wa usanifu anayefundisha Barnard College, New York, ameandika kitabu kizima kuhusu majengo ya Dadaab, na ni jambo la kufikirisha kwamba vitabu viwili vizito kuhusu nyumba za huku kwetu vimetoka kwa wasomi wa Marekani kabla ya kutoka katika vyuo vyetu.

Mwaka 2011, kambi mpya ya Ifo 2 ilipokuwa ikitayarishwa, ulianza ujenzi wa nyumba za matofali ya udongo yaliyoshindiliwa, yanayoshikana bila saruji nyingi. Zilikuwa nyumba nzuri, za bei nafuu, zenye kivuli. Serikali ikasimamisha kazi, kwa sababu nyumba ya tofali ni ishara kwamba mkimbizi amekuja kukaa. Angalia jinsi gurudumu lilivyozunguka. Mwaka 1966 serikali ilimwadhibu mfugaji kwa kuwa nyumba yake inahama. Nusu karne haijaisha, serikali hiyohiyo inamkataza jirani yake nyumba isiyohama. Katika hali zote mbili mwanamke aliyefunga fito hakuulizwa.

Wengine kutoka kambi hizo walivuka bahari. Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, kuna majengo yaitwayo Riverside Plaza, yaliyokamilika mwaka 1973 kwa ramani ya msanifu Ralph Rapson. Refu kuliko yote lina ghorofa 39, yote ni zege tupu na mabamba ya rangi nyekundu, njano na buluu, na ndani mna nyumba zaidi ya 1,300. Rapson na wenzake waliota mji mpya ndani ya mji, ambamo tajiri na maskini wangeishi ngazi moja. Ndoto hiyo haikutimia walivyoipanga; mashtaka mahakamani na uhaba wa fedha viliusimamisha mradi katika hatua ya kwanza. Mwaka 2010 majengo hayo yaliingizwa katika orodha ya kitaifa ya mahali pa kihistoria, na kwa miaka mingi wakazi wake wengi wamekuwa Wasomali na jamii nyingine za Afrika Mashariki. Wamarekani waliona kwamba jengo ambalo lilikuwa halijafikisha hata miaka 40 linastahili kulindwa kwa sababu linasimulia fikra za wakati wake. Kipimo hicho kikiletwa Lafey, sijui ni hoja gani ingeiacha aqal nje ya orodha.

Lafey ya leo ni makao ya kaunti ndogo na jimbo la uchaguzi, lililopiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 2013 pamoja na kuanza kwa ugatuzi. Fedha za kaunti zimeleta majengo ambayo serikali za Nairobi hazikuyaleta kwa nusu karne: zahanati, madarasa, mabwawa ya kukinga maji ya mvua. Hayo ni mema na nayasema kwa moyo mweupe. Mama anayejifungua usiku anahitaji chumba chenye sakafu safi na taa, na hakuna mkeka uwezao kufanya kazi hiyo. Wakati huohuo majengo ya mawe ya mpakani ndiyo yanayolengwa na Al-Shabaab: kituo cha polisi, mlingoti wa simu. Mwaka 2015 serikali ilianza kujenga ukuta wa mpaka Mandera, ukiwa umekusudiwa kuenea mamia ya kilomita. Kilichopatikana ni waya na handaki la kilomita chache, kisha kazi ikasimama. Boma kubwa kuliko yote lililowahi kufikiriwa huku likaishia hapo.

Ukame nao umefanya kazi ambayo vita havikuimaliza. Misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, na waliopoteza mifugo wakahamia kando ya miji. Galool imekuwa adimu karibu na makazi. Mti unaopatikana kwa wingi katika sehemu nyingi za Kaskazini Mashariki ni mathenge, ule mgeni ulioletwa kuzuia jangwa ukageuka kero, na fito zake ndizo zinazopindwa sasa, ingawa hazina utii wa mzizi wa mgunga. Mikeka ya nyasi inabaki kwa arusi na maonyesho, na paa la kila siku ni nailoni. Mwanamke anayeweza kufuma mkeka wenye ncha za kuelekeza mvua siku hizi ni bibi, na binti yake hununua turubai dukani.

Hata hivyo aqal haijatoka katika ua wa watu wenye nacho. Pita Wajir, Garissa au Mandera, mitaa ya nyumba za mawe zenye vigae na geti la chuma. Ndani ya ua mara nyingi utakuta kuba la fito kando ya tangi la maji, nalo halikuwekwa kwa pambo. Nyanya analala humo, kwa kuwa chumba chake cha zege hakipoi usiku. Wageni kutoka malishoni hukaribishwa humo. Mchana wa jua kali familia nzima huhamia humo kunywa chai ya maziwa ya ngamia. Fundi aliyejenga nyumba ya mawe alilipwa kwa kila tofali. Aliyefunga kuba alipewa ahsante.

Sheria ya mwaka 2006 ya Makumbusho ya Taifa inalinda majengo ya kale yaliyosimama, na ni haki kuta za Wajir zilindwe, pamoja na kumbukumbu ya waliofungwa na kuadhibiwa kwa amri zilizotoka humo. Kwa aqal kinachoweza kulindwa ni mikono. Vyuo vya ufundi vya kaunti vinafundisha uashi, umeme na uchomeleaji, na vinawalipa walimu wa fani hizo. Vimlipe na bibi wa Lafey kwa kiwango hichohicho, akiwa na wanafunzi kumi na ngamia mmoja, aanze nao pale anapoanzia mwenyewe, kwa kufukua mzizi wa galool upande mmoja tu wa mti ili mti uendelee kuishi.